Nani Aliyemtoa Fundi Korongoni

Koplo alikuwa amekwisha kumpata mkosaji hata kabla hawajafika juu.

"Afande, kesi hii haina kona," alisema, akihema. "Seremala amefukuzwa kazi wiki iliyopita. Amemwambia fundi mkuu mbele ya vibarua wote kwamba haraka yake itamvunja shingo. Jana fundi mkuu kapatikana shingo nusura ivunjike. Leo seremala hayupo kwake, na majirani hawajamwona tangu jana asubuhi. Sasa tunasubiri nini?"

"Tunasubiri upate pumzi kwanza," Inspekta alisema.

Gari walikuwa wameliacha chini barabarani. Kuanzia pale hadi kwenye nyumba palikuwa pori tupu la mawe, miti iliyopinda na vichaka vya miiba. Koplo aliamua kukata moja kwa moja. Inspekta, mwanamke wa makamo ambaye magoti yake yalikuwa yameanza kumdai haki zao, alifuata njia ya mbao. Njia hiyo ilijengwa juu ya nguzo fupi, ikipinda huku na huku katikati ya miti, ikizunguka kila jiwe kubwa badala ya kupigana nalo. Ilipanda polepole mno, hata mtu akajisahau kwamba anapanda mlima. Alipofika juu alimkuta Koplo ameketi juu ya jiwe, anachomoa miiba kwenye suruali.

"Umefika saa ngapi?" alimuuliza.

"Sasa hivi tu, Afande," Koplo alijibu bila kumtazama.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Jana asubuhi, katikati ya msongamano wa mapokezi ya dharura, mwanamume mmoja asiyejitambua alikutwa amelazwa kwenye benchi la hospitali. Kichwa chake kilikuwa kimefungwa kwa shati lililochanwa vipande. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika mara mbili na kubanwa kati ya mbao mbili. Hakuwa na kitambulisho, wala hapakuwa na mtu wa kumsemea. Muuguzi wa zamu hakuuona vizuri uso wa aliyemleta: mtu aliyevaa koti la mvua, limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, na jua linawaka. Baadaye mama mmoja akaja mbio wodini, akamtambua mgonjwa. Alikuwa fundi mkuu anayemjengea nyumba. Kwa jina la kazini watu walimwita Timazi, kwa kuwa hakuwahi kukubali ukuta uliopinda hata kwa unene wa kucha.

Mkuu wa kituo alikuwa ameshaandika jaribio la kuua. Alitaka seremala yule, aitwaye Randa, awe ndani kabla ya jua kuzama. Na ujenzi ulikuwa umesimamishwa.

Mama mwenye nyumba aliwapokea mlangoni, mahali ambapo mlango ungekuwapo. Alikuwa mwoka mikate mstaafu, mwenye mikono minene na sauti ya chini. Nyuma yake alikuwapo binti yake, mwanamke wa miaka thelathini hivi, ameketi kwenye kiti cha magurudumu, vipande vya vitambaa vya mapazia vikiwa mapajani. Hata leo alikuwa anashona.

"Samahani, Inspekta," Binti alisema. "Nikikaa mikono mitupu nitalia."

"Shona tu, mwanangu. Nieleze kuhusu nyumba hii. Kwa nini mkajenga hapa?"

Mama na Binti walitazamana kama watu wanaoulizwa swali hilo kila siku.

"Mjini tuliishi ghorofani," Binti alisema. "Lifti ilikuwa inafanya kazi ikijisikia. Isipojisikia, mimi nakaa juu. Niliwahi kukaa juu hadi nikawajua kunguru wa mtaa mzima. Baba alituachia kiwanja hiki, na kila mtu alisema hakifai hata kufugia mbuzi. Mwamba juu, korongo chini. Mafundi walikuja, wakatazama mlima, wakanitazama mimi, wakaaga kwa adabu."

"Isipokuwa Timazi," Mama alidakia.

"Timazi aliomba kiti changu cha zamani. Akakikalia. Akajisukuma humu porini mchana kutwa, akaanguka, akainuka, akakwama, akatukana, akaomba radhi. Jioni akaniambia, 'Sasa nimeelewa, tunaweza kuanza.' Kile kiti hakikuondoka hapa tena. Kila ubao wa ile njia ulipitishwa kiti juu yake kabla ya kupigiliwa."

"Kiti hicho kiko wapi?"

"Hakipo," Mama alisema. "Tangu jana hakipo. Nimemwambia huyu askari wako."

Koplo alikohoa. "Niliona ni wizi mdogo, Afande. Tuna kesi kubwa."

Inspekta hakumjibu. Aliingia ndani, akapita taratibu chumba hadi chumba. Nyumba haikuwa kubwa. Milango ilikuwa mipana, vizingiti havikuwapo, madirisha yalikuwa chini kiasi kwamba mtu aliyeketi aliona bonde lote. Jikoni meza ya kukatia mboga ilikuwa wazi kwa chini ili magoti yaingie. Sebuleni mwamba mmoja uliachwa pale pale ulipokuwa, ukaota ukutani kama mgeni aliyefika kabla ya wenyeji. Kwenye ukumbi wa nje, upande wa korongo, sakafu ilikuwa haijaisha. Pale ndipo jukwaa la mafundi lilipokuwa limefungwa, na pale ndipo lilipokatika.

Alishuka korongoni kwa kushikilia mizizi, Koplo akitangulia ili amdake akiteleza. Chini kulikuwa na jiwe lenye damu iliyokauka. Mbao za jukwaa zilikuwa zimetawanyika. Inspekta alizipita zote, akaenda kuchuchumaa kwenye mguu wa mti uliokuwa nguzo ya kulitegemeza jukwaa.

"Koplo, njoo. Huu mti umekatwa?"

"Hapana, Afande."

"Kamba zimekatwa?"

Koplo aliziokota, akazigeuza geuza. "Zimekatika kwa kuvutwa. Hazina alama ya kisu."

"Mti huu ulisimama juu ya nini?"

Koplo alitafuta. Jiwe bapa lilikuwa hatua chache chini yake, na nyuma yake kulikuwa na mfereji mdogo laini kwenye udongo, kama ulimi, unaonyesha jiwe lilikotoka. Kila upande wa mfereji majani yalikuwa yamelala kuelekea bondeni.

"Usiku wa kuamkia jana kulinyesha," Inspekta alisema. "Maji yamekula udongo chini ya jiwe. Mti ukabaki umesimama kwa mazoea tu. Yeyote angepanda pale asubuhi angeanguka, awe Timazi, awe mimi."

"Basi Randa angeweza kulisukuma jiwe lenyewe, mvua ikasingiziwa."

"Angeweza. Angeacha nyayo. Unaziona?"

Koplo hakuziona. Nyayo zilikuwapo, lakini upande mwingine, kuzunguka jiwe lenye damu. Zilikuwa za aina mbili: kiatu cha kazi chenye meno, na kiatu cha ngozi chenye soli laini kilichokuwa kimeteleza mara nyingi kabla ya kufika chini.

"Kuanzia hapa Timazi hakuburutwa," Inspekta alisema. "Ameinuliwa. Mtu mmoja hawezi kumpandisha mwanamume mzima kwenye ukuta huu wa mawe. Walikuwa wawili."

"Kwa hiyo Randa ana mwenzake," Koplo alisema, na furaha kidogo ikamwingia machoni. "Njama."

"Twende juu."

Karibu na rundo la mbao, Inspekta alipiga goti licha ya maumivu. Chini kulikuwa na vumbi jipya la msumeno, vipande viwili vifupi vilivyobaki baada ya kukatwa, na kando yake maranda membamba, meupe, yamejikunja kama nywele za mtoto. Aliliinua moja, akalitazama kwenye mwanga. Kisha akakumbuka zile mbao mbili alizoonyeshwa na muuguzi jana jioni. Alikuwa amezipitishia kidole. Kingo zake zote zilikuwa zimelainishwa.

"Mtu ameanguka, anavuja damu," alisema polepole, "na kuna mwingine anasimama hapa anapiga randa mbao ili zisimchome mgonjwa. Nani hufanya hivyo, Koplo?"

Koplo alikuna kichwa. "Seremala, Afande. Lakini seremala anayetaka kuua..."

"Endelea."

"Hapana, Afande. Imenishinda."

Waliirudia njia ya mbao, safari hii Inspekta akiinama kama mtu aliyedondosha sindano. Alama za magurudumu zilikuwapo, nyekundu kwa udongo wa korongo, nzito, zinashuka. Kati ya mistari hiyo miwili kulikuwa na alama za kiatu chenye meno. Zilielekea juu.

"Ajabu," Koplo alisema. "Kiti kinashuka, mtu anapanda."

Binti alikuwa amewafuata kimya kimya hadi kwenye kona ya kwanza. "Hakuna ajabu," alisema. "Alikuwa anashuka kinyumenyume. Ukimshusha mtu mteremkoni huku umemwelekeza mbele, akilegea anamwagika. Unatangulia wewe, unageuza mgongo, kiti kinakuegemea kifuani. Ni kazi ya kuchosha. Watu wengi hawaijui."

"Nani anaijua hapa?"

Sindano ya Binti ilisimama kwenye kitambaa. "Mama. Timazi. Na Fundi Randa. Niliwafundisha mwenyewe siku tuliyoijaribu njia."

"Niambie kweli, mwanangu. Randa na Timazi waligombania nini?"

"Vishikio. Fundi Randa alitaka kila kishikio kilainishwe kwa mkono, kwa sababu mimi najivuta navyo. Timazi alitaka tumalize kabla ya mvua. Wote wawili walikuwa wananipigania mimi, Inspekta. Wamefanya kazi pamoja tangu mimi sijazaliwa. Siku ile walipigiana kelele hadi ndege wakahama. Fundi Randa akaondoka bila sanduku lake la vifaa. Nilijua atarudi, maana hawezi kukaa bila randa yake."

"Na jana, nani aliwaambia kwamba Timazi yuko hospitali?"

Sasa alijibu Mama, aliyekuwa amesimama juu yao akishika kishikio. "Ndugu yangu alipiga simu. Tulishangaa. Hatujasemeshana tangu nilipokataa kuuza kiwanja. Akasema tu, 'Dada, nenda hospitali, fundi wako kaumia,' akakata."

Inspekta aliitoa miwani yake, akaifuta, akairudisha.

"Mama, wewe ndiye uliyemtambua Timazi pale hospitali. Kabla hujafika, hakuna aliyejua jina lake."

"Basi ndugu yangu alijuaje?" Mama alisema.

*

Mjomba, yule ndugu wa Mama, alikuwa na karakana ya kutengeneza pampu za maji pembeni mwa mji. Pikapu yake ilikuwa imeegeshwa nje, imeoshwa hadi inang'aa. Inspekta aliizunguka mara moja. Kwenye bawaba za mlango wa nyuma, mahali ambapo tambara halifiki, kulikuwa na udongo mwekundu. Mjomba alitoka akifuta mikono, mtu mrefu mwenye kofia ya kitambaa na viatu vizuri vya ngozi. Kimoja kilikuwa kimechubuka ncha yote.

"Karibu, Inspekta. Pampu imeharibika?"

"Pampu ni nzima. Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa. Kazini."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Dada yako ulimpigia simu kutoka wapi?"

"Hapa hapa."

"Nani alikuambia fundi ameumia?"

"Watu. Mji huu una midomo."

"Watu gani? Hospitali yenyewe ilikuwa haimjui."

Mjomba aliendelea kufuta mikono iliyokwisha kuwa safi. Koplo alijisogeza mlangoni. Ndani ya karakana bomba moja lilikuwa linadondosha maji kwenye ndoo.

"Kiatu chako kimepata ajali," Inspekta alisema. "Viatu vya ngozi havipendi korongo."

Mjomba alikitazama kiatu. Akavuta ndoo iliyopinduliwa, akaiketia.

"Nilimwapia Randa kwamba sitamtaja."

"Na yeye?"

"Ameapa hatanitaja mimi."

"Sasa nimeshawataja wote wawili, viapo vyenu vimeisha kazi. Anza mwanzo."

Alianza. Mvua ya usiku ule ilimnyima usingizi, akimwaza mpwa wake kwenye nyumba iliyoning'inia mlimani. Alfajiri akaendesha hadi kule ili auone mlima kwa macho yake. Akamkuta Timazi peke yake, anakagua.

"Nilimwambia anamjengea mpwa wangu kaburi. Nilisema kwa sauti. Hakukasirika, Inspekta, na hilo ndilo linaloniuma. Alicheka. Akasema kwa utani wake, 'Shemeji, njoo nikuonyeshe nyumba ilivyoshika.' Akapanda kwenye jukwaa, akapiga mguu chini, namna hii. Likaondoka naye."

Mjomba alikipangusa kiatu kilichochubuka.

"Nilisimama. Nilikuwa nasikia anakoroma kule chini na mimi nimesimama kama gogo. Ndipo Randa akatokea, kaja kuchukua sanduku lake. Hakuniuliza chochote. Akashuka kama mbuzi. Akaniita, nikashuka nikianguka anguka. Akavua shati, akamfunga kichwa. Tukampandisha juu ya ubao wa jukwaa. Kule juu akakata zile mbao mbili, halafu akachukua randa. Nikamwambia mtu anakufa, wewe unapiga randa? Akasema barabara ni mbaya, mbao yenye kingo itamkata njia nzima. Haikumchukua muda, mikono yake ilikuwa inakimbia."

"Kisha kiti."

"Kisha kiti. Inspekta, mimi ndiye niliyeicheka ile njia ya mbao. Nilimwambia dada anatandika mbao porini kama mtu anayemjengea nyoka barabara. Gari la wagonjwa lisingefika pale. Kumbeba kwenye mawe tungemmaliza. Randa aligeuza mgongo, akakiegemeza kiti kifuani, tukashuka. Hakutikisika hata mara moja. Alikuwa kama amelala kwenye maji."

Alivua kofia, akaishika mapajani.

"Kwa nini mkajificha?" Koplo aliuliza. Sauti yake haikuwa ile ya asubuhi.

"Randa alisema vibarua wote walimsikia akimtabiria kuvunjika shingo, nani atamwamini? Mimi nikasema dada akijua nilikuwepo, atasema nimemsukuma. Hatanisamehe mpaka tunaingia ardhini. Basi kila mmoja akamfichia mwenzake. Nilimpa koti langu la mvua, maana alikuwa kifua wazi."

Koplo alimtazama Inspekta. Inspekta alikuwa anatazama ukuta.

"Ulimwacha wapi Randa?" Inspekta aliuliza.

"Mlango wa dharura. Akamsukuma Timazi ndani."

"Akatoka?"

Mjomba aliwaza. "Mimi niliondoka. Sikumwona akitoka."

Inspekta alikuwa ameshasimama. "Vaa kofia yako, tunakwenda wote," alisema. "Koplo, washa gari. Tangu jana tunapiga hodi kwenye nyumba ya mtu ambaye hakuwahi kurudi nyumbani."

*

Hospitali ilikuwa katika saa ya kuona wagonjwa. Ndani ya ukumbi mrefu Inspekta alisimama ghafla, akamshika Koplo bega. Mhudumu alikuwa anampeleka bibi mmoja eksirei, na kiti alichokalia bibi yule kilikuwa na mto wa kitambaa cha pazia chenye maua ya njano, kama vile alivyokuwa akishona Binti, mshono wake wa mkono umepangwa sawasawa. Matairi yalikuwa bado na wekundu.

"Tukichukue, Afande?" Koplo alinong'ona. "Ni kidhibiti."

"Mwache bibi apigwe picha yake. Kidhibiti hakiendi popote bila kusukumwa."

Muuguzi wa wodi hakuwa yule wa jana. Alipoulizwa kuhusu mgonjwa wa mguu, uso wake ulifunguka.

"Amezinduka leo mchana. Daktari anasema ule mguu utapona. Aliyefunga zile mbao amemwokoa, mfupa haukusogea kabisa. Maskini nduguye, tangu jana hajaondoka."

"Ndugu gani?"

"Yuko nje, benchi la uani. Asubuhi nilimwambia avue koti, joto litamuua, akasema yuko sawa. Nilimpa chai akaishika hadi ikapoa."

Randa alikuwa mtu mfupi, mwenye mvi na mabega mapana, amejikunja kwenye benchi kana kwamba anajificha ndani ya kola. Alipoona sare ya Koplo hakukimbia. Aliinuka na kunyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, tayari kwa pingu.

"Niruhusuni kwanza nijue kama ameamka," alisema. "Naogopa kuingia. Halafu twendeni."

"Ameamka," Inspekta alisema.

Mikono ya Randa ilibaki hewani kidogo, kisha ikashuka yenyewe. Akaketi tena, akaufunika uso.

"Mjomba amesema yote," Inspekta alimwambia. "Na mlima umesema kabla yake. Lakini bado sina maelezo ya aliyeanguka. Twende tukayasikie."

Timazi alikuwa amelala, mguu umetundikwa, kichwa kimefungwa bendeji nyeupe za hospitali. Macho yake yalimpita Inspekta, yakampita Koplo, yakatua kwa mtu mwenye koti la mvua.

"Nani alikusukuma?" Inspekta aliuliza. Ilikuwa lazima aulize.

"Ujinga wangu," Timazi alisema kwa sauti nyembamba. "Sikukagua chini ya mti baada ya mvua. Nilipanda kumringia shemeji. Andika hivyo hivyo." Alimeza mate. "Halafu nakumbuka nashuka, naona majani ya miti yanapita juu yangu, na kuna mtu anapumua kwa shida nyuma ya kichwa changu. Nikajua ni Randa. Hupumua hivyo akibeba milango."

Randa alisogea hadi ukingoni mwa kitanda. "Vishikio nitavimaliza mimi," alisema. "Hukuniuliza, nakwambia tu."

"Kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Asante," Timazi alisema. Alifumba macho, na machozi yakamtoka pembeni yakaingia kwenye bendeji. "Asante, ndugu yangu. Sina neno jingine."

Inspekta alimpa Koplo ishara, wakatoka. Katika kazi hii alikuwa amewafuata watu wengi kwa madhara waliyotenda. Leo alikuwa amemfuata mtu siku nzima, hatua kwa hatua, kwa wema aliotenda, na alijikuta anashukuru kwamba magoti yake yalikubali kupanda ule mlima.

"Afande," Koplo alisema, "asubuhi nilitaka kumweka ndani."

"Najua."

"Nashukuru hukunisikiliza."

"Nilikusikiliza. Mpigie mkuu wa kituo. Mwambie hakuna jaribio la kuua, hakuna wizi, na jengo lifunguliwe mara miguu ya ukumbi itakaposimamishwa upya juu ya mwamba. Akibisha, mpe mimi."

Mlango wa ukumbi ulifunguliwa. Mama na Binti walikuwa wamefika, Binti akijisukuma mwenyewe kwa kasi iliyowafanya watu wapishe. Alipita bila kusalimu, akaingia wodini, na kutoka ndani ikasikika sauti yake ikimwita Fundi Randa, kisha kimya cha watu wanaokumbatiana.

Mama hakuingia. Alikuwa amemwona kaka yake, amesimama ukutani, kofia mkononi, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Walitazamana kutoka upande huu wa ukumbi hadi upande ule.

"Dada," Mjomba alisema. "Nilikuwepo. Maneno yangu ndiyo yaliyompandisha pale juu. Na ile njia niliyoicheka ndiyo tuliyomshushia. Bila hiyo angekufa mikononi mwetu."

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Alimtazama shati lake lenye udongo kwenye kola, macho yake mekundu, kiatu kilichochubuka. Inspekta alijiandaa kuingilia kati, kisha akaona haitahitajika.

"Umekula?" Mama aliuliza.

Mjomba alitikisa kichwa. "Tangu jana."

Mama alimchukua kofia mkononi, akamvika kichwani, akainyoosha kama mtu anayemvika mtoto anayekwenda shule. "Twende," alisema, akamshika mkono, wakaanza kutembea taratibu kuelekea kantini.